Nafuu ya plasebo haina maana kwamba mama alijisingizia

Tangu habari za dawa mpya ya sonona baada ya kujifungua zianze kuzagaa, dawati letu la taarifa za dawa linaulizwa jambo lilelile: kama wanawake hupata nafuu kwa kidonge kisicho na dawa ndani yake, yaani plasebo, mke wangu aendelee na fluoxetine, dawa yake ya sonona, ya nini? Wengine hata hawaulizi, wanatuarifu tu kwamba wameshamkataza.

Dawa yenyewe ni zuranoloni, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2023. Katika jaribio lililotangulia idhini hiyo, wanawake karibu 200 waligawanywa kwa nasibu. Kila jioni kwa siku 14 walimeza vidonge vinavyofanana. Vya nusu yao havikuwa na dawa. Walianza na wastani wa alama 28 hivi kwenye kipimo cha Hamilton, ambacho alama zikizidi sonona ni kali zaidi. Siku ya 15, waliopewa dawa walikuwa wameshuka alama 15.6, na wale wa plasebo 11.6. Kazi ya dawa ni ile tofauti ya alama 4, na ndiyo sisi wadhibiti wa dawa tunayoitazama.

Zile 11.6 zina vyanzo vingi. Kuna matumaini, na kuna sonona inayopungua yenyewe, hasa kwa mtu aliyeandikishwa akiwa amezidiwa. Kisha kuna matunzo. Siku ya 3, ya 15, ya 28 na ya 45, mtu aliketi na mama akamuuliza amelalaje, anakula, anajilaumu, amewaza kufa? Nyumbani kwetu wageni wanaokuja na sabuni na kanga huuliza mtoto tu.

Kwa hiyo tuache kusema mama aliyepata nafuu kwa plasebo alikuwa anadeka. Mwaka 2002 watafiti wa UCLA, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa sonona, wakaona mabadiliko sehemu ya mbele kwa walionufaika na plasebo. Anayejifanya hawezi kuigiza hilo.

Wala plasebo si dawa feki. Kuitumia katika jaribio hapa Tanzania kunahitaji idhini ya kimaadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mshiriki husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, inayotamka wazi kwamba huenda akapangiwa kidonge kisicho na dawa na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Anatia saini, nakala moja anabaki nayo. Vifungashio huwa na namba za siri, na dharura ikitokea namba hufunguliwa. Anayekuuzia unga mtupu kwa jina la dawa hana lolote kati ya hayo. Huyo anavunja Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219. Na shuhuda za wateja wake hazithibitishi kitu, maana hakuna kundi la kulinganisha.

Anayetumia dawa asiikatishe ghafla: kizunguzungu, usingizi kupotea na wasiwasi hufuata. Arudi kwa aliyemwandikia, apunguziwe taratibu. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Madhara ya dawa yaripotiwe kituo cha afya kwa fomu ya njano. Njoo na boksi lenyewe, kwa sababu tunahitaji namba ya toleo, na watu wengi hutuletea vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi.