Je, wajua kwa nini kutu haiui stovu ya zamani?

Pande za Molo na Njoro, kule Nakuru nchini Kenya, hukosi kukuta stovu nzito ya kuni, ile watu huiita Dover, imetupwa nyuma ya ghala na kuku wanatagia ndani ya oveni. Mwenyewe akiona ilivyoshika kutu, anamwita mtu wa skrepa, mnunuzi wa vyuma chakavu. Angengoja kidogo.

Kutu hiyo ni ya juu juu. Stovu hizi ni za chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, na kuta zake ni nene. Isugue kwa brashi ya waya na msasa, ipake mafuta kidogo, washa moto mdogo. Weusi wake utarudi.

Kinachoiua ni ufa. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4 hivi, na sehemu kubwa hukaa ndani kama vigamba vya grafiti (kaboni laini kama ya ndani ya penseli), kwa hiyo hakinyumbuki. Maji baridi yakimwagikia bamba lililopata moto, juu husinyaa ghafla huku chini bado kumetanuka. Litapasuka tu. Na usimkimbilie fundi wa kuchomelea mageti. Akitumia vijiti vyake vya kawaida, chuma cha pembeni hugeuka kigumu na ufa mpya huanzia hapo hapo. Kazi hiyo hutaka vijiti vya nikeli, chuma kipashwe moto kwanza, kisha kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole.

Basi kabla ya kutoa pesa kununua stovu ya zamani, fanya kama mama anayechagua chungu sokoni Kibuye, Kisumu: gonga. Kifungue kipande, kining'inize kwa waya, ukigonge kwa spana ndogo. Kizima hulia kama kengele; chenye ufa hutoa sauti butu, kama debe lililojaa mahindi. (Ile kamba ya kijivu ya mlangoni huenda ikawa asbesto. Usiikwangue ikiwa kavu, vumbi lake huharibu mapafu.)

Wavu wa makaa ukivunjika, fundi wa kusubu anaweza kutoa mwingine. Kisanduku cha moto chenyewe kikiwa na ufa, mimi ningeiacha iende kwa kilo.

Halafu kuna suala la unapoishi. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni stovu hiyo hupika ugali, huchemsha maji ya kuoga na kupasha nyumba nzima joto kwa kuni zile zile. Kisumu, ambako saa nne usiku ukuta bado una joto, sitaikubali hata nikipewa bure.