Je, wajua kwa nini Wabukusu hutahiri hadharani, na Watiriki mafichoni?

Katika masimulizi ya ulimwengu wa kubuni, kila kabila hupewa jando moja tu: hawa hupambana na simba, wale huruka moto, yamekwisha. Magharibi mwa Kenya mambo hayanyooki hivyo. Wabukusu na Watiriki wote ni Waluhya, na wote hutahiri wavulana wao, lakini aliyezoea jando la upande mmoja akienda kwa wenzake atajiona mgeni kabisa.

Tuanzie Bungoma, mwezi wa Agosti, katika miaka ya shufwa kama 2022 au 2024. Mvulana wa Kibukusu hushika chinyimba, njuga za chuma, akazigonga huku akizunguka kwa jamaa kuwaalika. Mahali asipoweza kupakwepa ni kwa khocha, yaani mjomba wake. Huko huchinjiwa ng'ombe, akavishwa shingoni ukanda wa nyama uitwao luliki. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni na kupakwa tope, kisha hurudi na kundi linaloimba hadi uani kwa baba yake. Hapo husimama wima mbele ya kila mtu, wakubwa kwa wadogo, na ngariba akafanya kazi yake. Akitetemeka, ukoo mzima umeaibika. Ndiyo maana mashahidi wanatakiwa wawe wengi: ujasiri usioonwa na mtu hauna wa kuusimulia.

Sasa njoo Hamisi, kaunti ya Vihiga. Kwa Watiriki, wali, yaani vijana wanaopitia jando, huingizwa msituni. Wanawake na wasiotahiriwa hawasogei, na aliyepitia hasimulii. Umma huwaona vijana wanapotoka kucheza ngoma, nao wakiwa wamefunikwa nyuso kwa vinyago vya kusukwa, hata mama mzazi asimtambue wake.

Tofauti hii imetoka wapi? Kwa jirani. Watiriki walipokea jando lao kutoka kwa Waterik, watu wa jamii ya Wakalenjin, ambao kwao kukaa kumbini ni siri kubwa. Koo za Kiluhya zilizotafuta ardhi na hifadhi karibu na Waterik zilikubaliwa kwa sharti kwamba wanaume wao wapitie jando la wenyeji. Kwa maoni yangu, siri ilifaa sana hapo. Watu wa koo mbalimbali, wasio na babu mmoja, walihitaji kitu cha kuwafunga pamoja. Mbukusu tayari alikuwa na baba, mjomba na ukoo wa kumtazama. Mtiriki alipewa ndugu wapya na kiapo cha kunyamaza.

Msidhani Wabukusu nao walijifungia. Simulizi yao maarufu ni ya Mango, shujaa aliyeua joka lililokuwa likimaliza watu, na jando katika simulizi hiyo linahusishwa na Barwa, jina ambalo Wabukusu huwaita majirani wao wa jamii ya Wakalenjin. Simulizi ni simulizi, lakini majina ya marika yanaiunga mkono. Wabukusu wana Kolongolo, Kikwameti, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wakalenjin wana Korongoro, Kipkoimet, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Lugha zenyewe hazina udugu, moja ni ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, kwa hiyo majina hayo hayakufanana kwa bahati.

Ukivuka mpaka hadi upande wa Uganda wa Mlima Elgon, Wagisu nao wana jando lao, waliitalo imbalu, na hulifanya hadharani katika miaka ya shufwa, lakini wao vijana hupakwa pia chachu ya wimbi. Msimu hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale, na anayetaka kutazama hakatazwi. Huko Hamisi, mgeni akiuliza kinachofanyika msituni, atakaribishwa chai.