Dodoma si nyama choma tu, umechelewa kufika

Kauli hii imenichosha: "Dodoma kula nyama choma, chakula kingine hakuna." Anayeisema kaamka saa nne, kaanza kuzunguka mjini saa tisa alasiri, kakuta masufuria yanaoshwa, mwisho kaangukia kwenye jiko la mkaa. Kisha anatangaza kwamba mji hauna mapishi!

Anza na supu ya mbuzi kabla ya saa 3 asubuhi. Kuanzia saa 4 sufuria huwa limeshaongezwa maji, na chumvi juu yake. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mifupa inadai muda mrefu kuliko pwani. Iliyoharakishwa utaijua: maji yana ladha yake, nyama ina ya kwake. Kunywa nusu bakuli. Chapati iache, siku bado ndefu.

Mchana, saa 6 na nusu, nendeni kwa mama lishe anayepika ugali wa uwele au mtama na mlenda. Watu watatu, sahani moja. Hapa ndipo wageni wanapoharibu, maana wanasema mlenda ni mlenda tu, unateleza basi. Jamani, hapana.

Mlenda mkavu hutokana na majani ya porini yanayochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa, yakatwangwa kuwa unga. Unga hauoshwi. Majani yasipooshwa kabla ya kuanikwa, au yakianikwa chini, mchanga umeshaingia na hakuna ufundi wa jikoni utakaoutoa. Chota tonge dogo, lisage taratibu kwa meno ya mbele: likikwaruza, mpishi alikosea sokoni, si jikoni. Magadi ni kidogo tu, ya kulainisha. Yakizidi, mlenda unakuwa na ladha ya sabuni na ulimi unawashwa. Karanga zilizotwangwa zinataka moto mdogo na kukoroga bila kuacha, la sivyo zinashika chini na harufu ya kuungua inatawala sufuria zima. Na uliwe wa moto. Ukipoa unakuwa mzito, na aliyeuonja saa tisa ameonja kitu kingine kabisa.

Uchungu ndio unaonisumbua, na sina kipimo cha uhakika. Baadhi ya majani ni machungu kwa asili na Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wanayapenda hivyo. Lakini unga wa uwele nao una mafuta, ukikaa muda mrefu baada ya kusagwa unachacha na kuleta uchungu unaobaki kooni. Mtama mwekundu una wake, unaokausha mdomo. Vikikutana kwenye tonge moja, hata mzoefu anaweza kumlaumu asiyehusika. Onja ugali peke yake kwanza, halafu mlenda peke yake, na muulize mama unga umesagwa lini. Akijibu bila kufikiri, huyo anajua anachokipika.

Alasiri pumzika kwenye mgahawa wowote wenye kivuli, kahawa na maji mengi, ulimi upate nafuu.

Nyama iwe ya mwisho, saa 11 jioni. Jumamosi kuna mnada wa mifugo wa Msalato, ambako nyama huchomwa palepale. Agiza mbavu za mbuzi, na uwe tayari kusubiri dakika 40 au zaidi. Ikikatwakatwa vipande vidogo mara tu inapotoka motoni, maji yote yanabaki kwenye ubao, kisha mbuzi anasingiziwa ukavu.

Mvinyo wa zabibu za hapa usiupime kwa glasi ya chupa iliyofunguliwa jana ikaachwa kaunta kwenye joto hili, umeshaelekea kuwa siki. Chupa ifunguliwe mbele yako, na hata mwekundu omba ukae kwenye friji kama dakika 20 kabla ya kumiminwa.