Umekwama kwenye nguzo? Usiniongezee siku ya tano

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa dansi ya nguzo: "Kochi, mwili wangu umegoma. Miezi miwili sasa sijaweza kupinduka kichwa chini kwenye nguzo. Kuanzia wiki hii nakuja siku tano." Ni mtu wa nne mwaka huu kuniandikia karibu maneno hayohayo, na nimeona niandike jibu moja litoshe wote.

Mwili haujagoma. Siku tano ndizo zitaugomesha.

Kumbuka miezi mitatu ya kwanza. Kila wiki ulipata kitu kipya: mzunguko wa zimamoto (kuizunguka nguzo ukiishika kwa mikono na magoti), kupanda, kukaa juu na kuachia mikono. Ukaamini hiyo ndiyo kasi yako. Lakini katika wiki zile misuli ilikuwa haijakua kwa kiasi cha maana. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyokuwa ikijifunza kuiamsha misuli uliyokuja nayo, iamke kwa wingi na kwa wakati mmoja. Akiba hiyo ikipungua, inabidi ujenge msuli mpya, na huo hujengwa kwa miezi. Aliyekwama mwezi wa nne amefikia tu pale kazi inapoanza kuwa ngumu.

Halafu kuna kano, nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa, na hapa ndipo uvumilivu huniishia, kwa sababu hakuna anayetaka kunisikiliza hadi aumie. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli na hujiimarisha polepole. Mgongo wako unaweza kuwa tayari kukuinua huku kano za upande wa ndani wa kiwiko, zile zinazofanya kazi kila unapokaza vidole kwenye nguzo, ziko nyuma kwa miezi. Ukiongeza siku, msuli utavumilia, kano hazitavumilia. Utaanza kusikia uchungu ukifungua chupa ya maji, kisha ukishika chuma ndani ya matatu. Mimi yangu niliyapuuza maumivu hayo, nikafunga kiwiko bandeji na kuendelea, nikaishia kukaa miezi saba bila kuning'inia. Wanafunzi hunijibu, "Lakini najichua kwa dawa." Dawa ya kuchua hutuliza uchungu. Kano iliyochoka hubaki vilevile, na sasa huisikii ikikuonya.

Tena, kabla ya kulaumu nguvu, kagua ngozi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai asubuhi nguzo huwa baridi kama bomba la nje. Chuma baridi hakishikani na ngozi. Sisi nasi tumelelewa tukijua kwamba kutoka nyumbani umepauka ni kumwaibisha mama, kwa hiyo mtu anajipaka mafuta ya mgando asubuhi na kuja darasani jioni akiamini yamekauka. Hayajakauka. Yako kwenye mapaja, yatahamia kwenye nguzo, na anayekufuata atateleza akiwa kichwa chini. Njooni mmepauka! Mara nyingi mtu huniambia mapaja yake hayana nguvu. Naipangusa nguzo kwa spiriti, naipasha moto kwa viganja, na anakaa. Unene wa nguzo nao una neno: mwenye vidole vifupi aliyezoea milimita 45 akipewa ya 50 atachoka mikono mapema, na si kwamba amerudi nyuma.

Kupinduka kwenyewe, wengi hurusha miguu. Acheni. Nguzo iwe kwapani, mabega chini, magoti kifuani, kisha kifua na kichwa virudi nyuma ili nyonga ipande. Ukibana kidevu kutazama magoti, nyonga hubaki chini hata ungekuwa na nguvu kiasi gani. Na anzeni na kushuka. Nitakusaidia kufika juu, ushuke mwenyewe kwa kuhesabu hadi tano. Msuli unaporefuka ukiwa umebeba mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko unapojikunja, ndiyo maana asiyeweza kupinduka leo anaweza kushuka polepole leo. Mara tatu kulia, mara tatu kushoto, basi. Upande wa kushoto usiuruke.

Kuna jambo ambalo wakufunzi huliandika kwa uhakika kuliko nilio nao: wiki moja ya mapumziko kila baada ya wiki kadhaa. Nimeona mtu akienda ushago Desemba, wiki mbili hakugusa nguzo, akarudi Januari na kupinduka siku ya kwanza. Nimeona mwingine akirudi na mikono dhaifu, akalia. Siamini tena kwamba kalenda moja inawafaa wote. Mimi huangalia jinsi unavyoshika nguzo ukiingia, na hukuuliza ulilala saa ngapi. Ukishika ovyo mara mbili mfululizo, siku hiyo tunanyoosha viungo na unaenda nyumbani.

Video za wenzenu zitazameni mkijua mlichoonyeshwa ni jaribio lililofaulu. Jirekodini pia, mwezi kwa mwezi, na mpime nyonga yenu imepanda kiasi gani.

Dada wa Jumatatu, njoo Alhamisi saa kumi na mbili jioni, miguu bila mafuta. Tutashuka mara sita. Ijumaa na Jumamosi usiguse nguzo, na kiwiko kikiuma ukifungua chupa, nipigie kabla hujatoka nyumbani.