Msamiati wa Juu wa Kiingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba msamiati wa juu ni shehena ya maneno marefu na adimu, na kwamba anayeandika “utilise” palipotosha “use” amepanda daraja. Kwa kweli amerefusha sentensi tu. Mwaka 2000, mtafiti wa lugha Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na minyambuliko yake, ambazo kwa jumla huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Humo yamo “assume”, “derive” na “consist”, maneno ambayo hayamshtui msomaji yeyote, lakini asiyeyamudu hukwama kila ukurasa.

Dhana ya pili, ambayo naiona kuwa na madhara zaidi, ni kwamba visawe hubadilishana nafasi bila hasara. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala mahakama na majumba ya wakubwa, huku Kilatini kikiendelea kuwa lugha ya kanisa na elimu. Ndiyo maana Kiingereza kina “ask” la asili yake, “question” kutoka Kifaransa na “interrogate” kutoka Kilatini. Yote matatu yanahusu kuuliza, lakini la kwanza ni la mazungumzo ya kila siku, la pili linaweza kubeba shaka, na la tatu linamweka anayeulizwa mbele ya polisi. Vivyo hivyo, ukimsifu mtu kwa kumwita “notorious” ukidhani umesema ni maarufu, umemtukana, kwa kuwa neno hilo ni la anayejulikana kwa mabaya. Kuna pia suala la maneno yanayozoeana: mvua kubwa ni “heavy rain”, upepo mkali ni “strong wind”, na ukibadilisha vivumishi hivyo msikilizaji atakuelewa, ila atajua mara moja kwamba lugha bado haijakukaa. Kamusi ya visawe peke yake haikuonyeshi tofauti hizo. Sentensi za mifano katika kamusi nzuri ya wanafunzi hukuonyesha.

Wapo wanaodai kuwa kukariri orodha ni kupoteza wakati. Si kweli, kinachopoteza wakati ni kukariri kwa mkupuo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huwa wa kasi mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Kuhusu kusoma, hudhaniwa kwamba matini ngumu zaidi ndiyo hufundisha zaidi. Mtafiti wa msamiati Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kuwa msomaji anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno ya riwaya au gazeti, kiwango ambacho huacha neno geni moja katika kila maneno 50. Maneno mageni yakizidi sana hapo, muktadha wenyewe hupotea, na hakuna kinachobaki cha kukusaidia kukisia maana.

Hata watahiniwa wa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huangukia dhana hiyo ya kwanza. Msamiati ni kimoja kati ya vigezo vinne vya kusahihisha insha zao, lakini neno adimu lililowekwa pasipo pake huhesabiwa kuwa kosa.