Sifa bainifu ni nini? Mfano wa mbawakawa wa ardhini wanaofanana

Watu wengi wakiona mdudu mweusi anakimbia chini ya jiwe wanapiga picha moja tu kutoka juu alafu wanauliza anaitwaje. Kwa mbawakawa wa ardhini picha hiyo mara nyingi haitoshi, maana familia yao, Carabidae, ina spishi kama 40,000 duniani na wengi ni weusi, wana miguu mirefu na mistari mgongoni, yani kwa haraka haraka wote ni walewale. Ndo maana wanaowasoma wanatafuta sifa bainifu.

Sifa bainifu ni alama ya mwilini ambayo spishi moja inayo muda wote na spishi jirani haina. Sio kila tofauti unayoiona ni bainifu. Rangi inadanganya sana, mbawakawa akiwa ndo kwanza katoka kwenye pupa (hatua ya kabla ya kuwa mdudu mzima) anakuwa laini na wa kahawia hafifu, akikomaa ndo anakuwa mweusi, sasa ukimkuta kipindi hicho utadhani ni spishi nyingine kabisa. Poecilus cupreus wa Ulaya anaweza kuwa wa kijani, wa shaba, wa bluu au mweusi na wote ni spishi moja, na ndugu yake Poecilus versicolor naye ana rangi hizohizo! Hapo unaangalia kichwa: cupreus ana vitobo vidogo vidogo vingi, versicolor kichwa chake ni laini au vitobo ni vya kuhesabu.

Kwanza lakini hakikisha kweli ni Carabidae, kwa sababu huku Afrika Mashariki weusi wengi wanaotembea ardhini ni wa familia nyingine, Tenebrionidae. Hesabu vipingili vya wayo, yani vile vipande vidogo vya mwisho wa mguu. Carabidae ana 5 kwenye kila mguu, Tenebrionidae ana 5 kwenye miguu ya mbele na ya kati lakini ya nyuma ana 4.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni Harpalus na Amara. Hizi ni jenasi mbili, yani makundi mawili ya spishi ndugu, zote zina watu wanene wanene wenye umbo la yai na zote zinapenda kula mbegu, na ukiziweka pamoja mezani unaweza kuchanganyikiwa kweli. Chukua lensi, mgeuze kidogo umwone pembeni ya jicho kwa juu. Amara ana nywele 2 ndefu zilizosimama karibu na kila jicho, Harpalus ana 1. Na kama unywele umekatika usikate tamaa, pale ulipoota panabaki kishimo, we hesabu vishimo.

Wakati mwingine nje hakuna cha kukusaidia. Pterostichus nigrita na Pterostichus rhaeticus, wote wa sehemu zenye majimaji huko Ulaya, kwa muda mrefu walihesabiwa kama spishi moja, na mpaka leo ukitaka uhakika inabidi umfungue dume uangalie sehemu zake za uzazi chini ya hadubini, na kwa jike unaangalia umbo la bamba la mwisho mwisho wa tumbo. Unaweza kusema si waitwe jina moja tu yaishe, lakini rhaeticus yuko zaidi kwenye vinamasi vyenye asidi na maeneo ya miinuko wakati nigrita anakubali sehemu nyingi zenye unyevu, kwa hiyo ukiwachanganya na taarifa za kinamasi chenyewe zinaharibika. Rekodi za zamani zilizoandikwa nigrita zinaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na zinazoweza kurekebishwa ni zile tu ambazo mdudu mwenyewe alihifadhiwa makumbusho, kwa sababu huyo anaweza kutolewa kwenye boksi akaangaliwa upya.