Otieno: jina la saa, si la ukoo

Otieno ni jina la Kijaluo analopewa mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Wa kike huitwa Atieno. Aliyezaliwa alfajiri ni Omondi, wa mchana jua likiwaka ni Ochieng', wa wakati wa mvua ni Okoth. Kwa hivyo ukikutana na akina Otieno wawili Nairobi, usiharakishe kuwaita ndugu. Huenda walichochangia ni giza tu. Ndiyo maana simu za watu hapa jijini zimejaa Otieno Fundi, Otieno Boda na Otieno wa Stima.

Utata huanzia kwenye fomu. Panapodaiwa jina la ukoo, mtu huandika lile lililokaa mwisho, yakaisha. Kriketi inalionyesha hilo vizuri. Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, kikosini walikuwemo Kennedy Otieno, mlinda wiketi, na Collins na David Obuya. Hao watatu ni ndugu wa damu! Kennedy kwa ukamilifu ni Kennedy Otieno Obuya. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Nairobi Gymkhana, Sri Lanka walilala: Kennedy alipata mbio 60, Collins akaangusha wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa mbio 24. Aliyesoma ubao wa matokeo tu hangejua kwamba ni mtu na mdogo wake.

Kwenye soka yupo Musa Otieno, beki aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, na kuichezea Santos ya Cape Town. Kwenye siasa, Gerald Otieno Kajwang', seneta wa Homa Bay aliyefariki 2014, alilibeba katikati, na wengi walimjua kwa Kajwang'.

Lakini Otieno aliyetikisa nchi ni S. M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Matasia, karibu na Ngong. Ukoo ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi iliburuzana hadi Mei 1987, ukoo ukashinda. Ukoo huo unaitwa Umira Kager, jina ambalo halikuonekana popote katika majina ya marehemu. Wambui naye, Mkikuyu, binti wa akina Waiyaki, aliyewahi kuwa katika Mau Mau, aliitwa Otieno kwa ndoa. Saa aliyozaliwa haikuhusika kabisa.